Siri ya Mke Wangu Niliipeleka kwa Mama

Kosa ni langu. Kwa miaka sita nilimwachia mtu mwingine alibebe, ndiyo maana leo naandika. Jina sitaji. Wanaonijua hapa Machakos watanijua tu, na wacha wanijue.

Wakati huo nilikuwa fundi wa mashine za kushona katika kiwanda kimoja huko Athi River. Tuliishi Mumbuni. Mke wangu alifundisha nasari. Tulikuwa na binti yetu, Mutheu, kisha tukapata mtoto wa pili, mvulana. Alizaliwa na ugonjwa wa moyo. Akilazwa chali anakosa pumzi, kwa hivyo mama yake alimbeba wima kifuani, mchana na usiku, miezi saba. Mimi nilisema niko na kazi. Kila siku kazi. Mtoto akafariki asubuhi ya Jumanne nikiwa kiwandani.

Baada ya mazishi nyumba ilinyamaza. Nikiuliza kitu najibiwa kwa kichwa. Nami nikawa mkali, navunja vikombe kama mtoto. Pasta wetu ndiye aliyetutuma kwa mama mmoja wa makamo, muuguzi wa zamani aliyesomea ushauri nasaha. Kanisa lilimpa chumba kidogo uani. Watu walimwita Sista.

Nilienda nikidhani atamkemea mke wangu, mambo yaishe. Hakumkemea mtu. Alituketisha tukitazamana, akasema mmoja ataongea na mwingine atasikiliza, kisha arudie alichosikia bila kujitetea. Halafu akasema, "Yanayosemwa hapa yanabaki hapa. Mimi sitayatoa. Na nyinyi?"

Tukaahidi, wote wawili.

Siku ya kwanza mke wangu alisema, "Nilikungoja kutwa nzima, ukifika unauliza chakula kiko wapi." Ilibidi niyarudie maneno hayo kwa mdomo wangu mwenyewe. Nilitokwa na jasho. Lakini polepole yalisaidia. Jumapili ya tatu tulitoka kutembea kama Sista alivyotuagiza, na mke wangu akacheka kwa sababu ya mbuzi aliyenifuata. Nilikuwa nimesahau kicheko chake.

Mara ya nne ndiyo iliyonimaliza. Mke wangu alikunja leso vidoleni, akasema, "Siku mtoto alipokufa, kabla sijalia, nilihisi nimepumzika. Kitu cha kwanza kilikuwa hicho. Sijamwambia mtu."

Nilirudia. Sista akamwambia, "Mama, mwili uliochoka hivyo unashukuru kupumzika hata siku ya msiba. Hiyo haimaanishi hukumpenda." Mke wangu akalia mpaka akalala kwenye kiti. Mimi niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Sikuelewa. Neno hilo lilinikaa kifuani kama mfupa.

Jumamosi nilienda nyumbani kwa wazazi. Mama yangu, ambaye mpaka leo namwita Mwaitu, alianza, "Mwanangu, watu wanasema unaenda kusemwa na mwanamke kanisani. Umemfanyia nini mke wako?" Ningenyamaza tu. Ningesema tunaendelea vizuri, na ilikuwa kweli. Lakini nilitaka nisionekane mimi ndiye mbaya.

Nikamwambia. Lote, vile lilivyosemwa.

Mwezi uliofuata binamu yangu alibatizisha mtoto wake. Tulikaa uani tukila. Mke wangu akanyoosha mikono ampokee yule mchanga, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msiba. Shangazi yangu akamvuta mtoto, akasema mbele ya wote, "Huyu asipewe. Si yeye hupumzika watoto wakifa?"

Mikono ya mke wangu ilibaki hewani. Watu wakatazama sahani zao.

Njiani kurudi aliniuliza swali moja. "Baba Mutheu, ni wewe?"

Nikasema, "Mimi? Hapana. Tulikuwa watatu mle ndani."

Sikumtaja Sista kwa jina. Sikuhitaji. Kesho yake mke wangu alimfuata mpaka kanisani akamwambia maneno mazito mbele ya akina mama. Sista alijibu tu, "Si mimi, mama. Zaidi ya hapo siwezi kusema." Na kweli hakusema, ingawa nina hakika alijua. Wanandoa wengine wakaogopa kwenda kwake. Wazee wa kanisa wakachukua kile chumba, wakakifanya stoo ya viti.

Basi mtego ukanifunga vizuri. Mke wangu aliniamini. Alilia kifuani pangu, akasema, "Wewe peke yako ndiye hukunitupa." Mnajua kushukuriwa hivyo na mtu uliyemuuza? Nilikuwa nalala kando yake nikihesabu mabati ya dari.

Mutheu alipoenda shule ya bweni, huzuni ilimrudia mama yake. Aliacha kufundisha. Akawa anakaa mlangoni bila kusuka nywele. Nikimwambia tutafute mtu wa kuongea naye, ananijibu, "Nilifungua mdomo mara moja. Uliona." Na mimi ndiye niliyekuwa nimeufunga mlango ule. Nikinyamaza, anaisha polepole machoni pangu. Nikisema, nampoteza.

Nilisema baada ya miaka sita. Ilikuwa alasiri, mke wangu akichagua ndengu kwenye ungo. Nilimwambia kila kitu nikiwa nimesimama, kwa sababu miguu ilikataa kukaa.

Hakulia. Aliweka ungo chini. "Kwa hivyo yule mama nilimtukana bure?"

"Ndiyo."

"Na ulinitazama nikimtukana."

Akavaa viatu akatoka.

Sista alikuwa amehamia kwa dada yake karibu na Lukenya. Mke wangu alimtafuta siku mbili mpaka akampata. Waliyoongea sijui. Ninachojua ni kwamba tangu hapo huenda kwake kila wiki. Amerudi kufundisha. Anasuka nywele. Namsikia akiimba akifua.

Hakuniacha. Ananipikia, ananisalimia, ananiuliza kama nataka chai au uji. Nikimwuliza amelalaje, anasema vizuri. Nikimwuliza kama naweza kumsindikiza kwa Sista tuanze upya, anasema bila hasira, "Ile nafasi ni yangu, Baba Mutheu." Ananiambia yote ambayo jirani anaweza kuambiwa, na hakuna zaidi. Hivyo ndivyo naishi, mwaka wa tatu sasa.

Mwenzangu unayesoma, kama mkeo au mumeo amewahi kukuonyesha mahali panapomuuma, usipeleke habari kwa mama, kwa dada, wala kwa rafiki wa baa. Na kama umeshapeleka, usingoje kama nilivyongoja. Sema leo, kabla hajakushukuru.