Baridi Isitoke

"Kile kioo cha gari kilikuwa kibovu?" bibi aliniuliza, ameinama mbele ya mafiga yake kule milimani Mbulu. "Wewe ndiye uliyesoma. Niambie tu."

Nilichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Wakati ule Babati ilikuwa imeanza tu kuitwa makao makuu ya mkoa mpya. Ofisi zilihamia kwenye nyumba za kupanga, magari ya serikali yakajaa mjini, na nyuma ya magari hayo akaja fundi wa viyoyozi kutoka Arusha, akafungua kibanda kando ya barabara ya Singida. Barabara yenyewe ilikuwa vumbi tupu. Ndiyo maana kamati ya harusi ya dada yangu ilipokaa nyumbani kwetu Nakwa, hoja ya kiyoyozi ilichukua muda mrefu kuliko hoja ya nyama.

"Bibi harusi akifungua vioo, atafika kanisani na gauni la rangi ya udongo," mama mdogo alisema. "Akifunga vioo bila AC, atafika ameiva."

Gari lilikuwa la mjomba, naye alikuwa amelileta kutoka Arusha. Jeupe, vioo vya giza, na kiyoyozi kinachopuliza joto kama pumzi ya ng'ombe. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu, basi mimi ndiye niliyetumwa kwa fundi. "Nenda," mama mdogo aliniambia, "maswali yako yamfae mtu kwa mara ya kwanza."

Fundi aliwasha, akasikiliza, akasema gesi imeisha.

"Imekwenda wapi?"

"Dada, gesi huisha. Hata mafuta ya taa huisha."

"Mafuta ya taa yanaungua. Hii si inazunguka tu humo humo?"

Akanitazama, akacheka. "Haya, msomi. Inazunguka."

Mzunguko ule nilikuwa nimeusoma darasani bila kuugusa. Kompresa huibana gesi mpaka ikapata moto. Gesi ikapita mbele ya rejeta, ikauacha moto wake nje na kugeuka maji. Kisha ikaachiwa ghafla nyuma ya dashibodi, na hapo ikalinyonya joto la ndani ya gari. Kwa hiyo kiyoyozi hakitengenezi baridi, kinahamisha joto. Nilimweleza fundi hivyo. Akasema anajua, ila hajapata mteja wa kulipia joto.

Kama gesi haiungui, basi imevuja. Tulikubaliana hapo. Akaweka gesi kidogo, akapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo cha mabomba, na mimi nikawa nachungulia. Kiungo kimoja karibu na kompresa kikatoa kipovu kidogo, kikapasuka, kikaja kingine. Mpira wa duara uliokuwa ndani yake ulikuwa umekauka na kupata nyufa. Aliubadilisha, akanyonya hewa yote kwa pampu, akaangalia kama mshale wa geji utarudi, ndipo akajaza gesi upya. Baridi ilipotoka nilicheka peke yangu kama mwehu.

"Mkiwasha, fungeni vioo," alisema. "La sivyo mtaupoza mji mzima."

Nilimrudishia mjomba ufunguo na maneno hayo hayo. "Mjomba, baridi isitoke."

Bibi alikuwa amesema hatashuka kutoka Mbulu kuja harusini. Bwana harusi alikuwa mtu wa kuja, mfanyabiashara aliyefuata mkoa, na bibi hakumjua baba yake wala mashamba yao. Dada alilia kwa ajili hiyo kuliko kwa jambo jingine lolote.

"Akija akaniwekea mkono kichwani, akanitemea mate ya baraka kama alivyomfanyia mama, hapo nitakuwa nimeolewa," aliniambia tukisuka riboni.

"Mate yana nini?" nikamwambia. "Yana vijidudu. Na utakuwa umeshapakwa poda."

Alicheka kidogo, kisha akainamia riboni yake.

Siku ya harusi gari lilinguruma uani. Dada aliketi nyuma peke yake, mjomba akiwa ameshuka kuwapanga wapiga matarumbeta. Mimi nilikuwa barazani, mikono imejaa maua, nilipomwona bibi akiingia, viatu vimejaa vumbi la basi. Alikuwa amekuja! Alijipenyeza katikati ya wanawake waliokuwa wakicheza wameubana mlango wa gari, akafika kwenye kioo, akaweka kiganja juu yake.

Kioo hakikushuka.

"Shusha, bibi yako huyu!" mama mdogo alipiga kelele. Matarumbeta yakammeza. Mjomba akaruka kwenye usukani akilalamika kwamba padre hasubiri mtu, na gari likaondoka. Kiganja cha bibi kikabaki hewani.

"Mjukuu kaogopa poda kuharibika," mtu mmoja alisema, na wengine wakacheka. Bibi alifuta kiganja kwenye kanga, akageuka kurudi stendi. Nilimkimbilia. "Shikamoo, bibi. Ngoja, tutakwenda wote." Aliitikia marahaba bila kusimama.

Kanisani nilimkuta dada bado ndani ya gari, mjomba ameshazima kiyoyozi, injini ikiunguruma. Macho yake yalikuwa mekundu na ukucha mmoja umekatika. "Kioo kilikataa," aliniambia kabla ya lolote. Alipokwisha kushuka niliingiza mkono, nikabonyeza kitufe. Kioo kikashuka taratibu, kikapanda taratibu.

Sikumwambia mtu. Niliamini maneno yangu kuhusu mate ndiyo yaliyomshika mkono, na sasa alikuwa anaona haya kukiri.

Kwa hiyo bibi aliponiuliza pale mafigani, ningesema nini? Nikisema kibovu, ningedanganya. Nikisema kizima, ningemzika dada. Bibi akasema, "Basi," akanipa maziwa.

Dada alipojifungua, bibi alituma maharage. Mwenyewe hakuja, wala hakuwahi kuingia nyumba ya dada hadi alipokufa tukamzika.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nyuma ya teksi Dodoma, nilibonyeza kitufe na kioo kikakataa. "Nimevifunga vyote huku kwangu, dada," dereva alisema. "AC inapotea."

Jioni ile nilimpigia mjomba. Ndiyo, alisema, siku ile kabla ya kushuka kuwapanga wapiga tarumbeta alivifunga vioo vya nyuma visishuke, kwa kitufe cha mlangoni kwake, akaviachia kanisani. Si nilimwambia baridi isitoke?