Simu Niliyomwahidi Baba Mkwe

Mjinga mwenyewe ni mimi. Nilisoma tetesi mtandaoni kwamba kampuni fulani ingezindua simu inayopiga hata malishoni pasipo na mtandao. Nikamwahidi baba yake mchumba wangu Bhoke, mfugaji wa Nyanungu, kuwa nitamletea.

Jana wazee wetu walikuwa kwake kupatana mahari, na uzinduzi ukaangukia wakati huohuo. Nikawaonyesha moja kwa moja kwenye simu yangu. Ikazinduliwa saa ya mkononi tu, kisha kampuni ikaaga watazamaji.

Mzee akanigeukia.

"Kijana, simu yangu iko wapi?"

"Baba, kumbe zilikuwa tetesi tu."

"Aah! Na hizi ng'ombe mnazonitajia, ziko zizini kweli, au nazo umezisoma huko huko?"