Kijani Juu ya Shamba la Mama

Ramani ile niliichukia siku ya kwanza. Waliibandika kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji: mistari ya miinuko imesongamana, mto umechorwa kwa buluu, na bonde lote la ng'ambo limepakwa kijani. Kijani maana yake msitu, tena msitu usio na mwenyewe. Chini ya kijani hicho kulikuwa na shamba la mama yangu.

Ofisa aliyeileta kutoka wilayani alikuwa mdogo kwangu kabisa.

"Ng'ambo ya mto yote inakuwa hifadhi," alisema. "Mwenye shamba huko anionyeshe hapa kwenye ramani."

"Nikuonyeshe nini wewe?" nikamfokea. "Twende huko huko! Hatua mbili tu utatumbukia kwenye ngoro."

Ngoro ni mashimo yetu Wamatengo. Tunayachimba kwenye miteremko, mvua isituibie udongo. Hata vichaka viyafunike, mguu utayajua. Yule bwana akacheka. Vipimo vimeshachukuliwa, akasema, hakuja kutembea porini. Loo! Nilitamani kumkaba.

"Mama, mwambie!" nikageukia benchi la nyuma. "Mwambie umelima pale tangu ulipoolewa."

Mama akainuka taratibu. Ofisa akamwamkia, "Shikamoo mama," naye akaitikia. Kusoma hajui, lakini mto aliutambua kwa kona zake. Kidole chake kikaufuata, kikavuka, kikasimama kwenye kijani.

"Ni hapa," alisema. "Baba yake huyu alikata majani na kuyapanga, mimi nikachimba na kuyafukia. Kwetu mwanaume asipokata majani, mwanamke haanzi."

"Na sasa anakata nani?" ofisa akauliza.

Baba alipofariki, mundu wake niliachiwa mimi. Kila mvua zilipokaribia kuisha, mama alinipigia simu Mbamba Bay, ambako nilikuwa nauza usipa, dagaa wetu wa ziwani. Nilimjibu nakuja, mama, wiki ijayo nakuja. Misimu mitatu nilijibu hivyo hivyo. Wapima ramani walipopita, walikuta vichaka vimempita mtu kimo, wakachora walichokiona.

Ofisi nzima ilikuwa inanitazama, isipokuwa mama. Yeye alitoa kidole kwenye ramani, akakifuta kwenye kanga.

"Hakuna anayekata," akamwambia ofisa. "Andika msitu tu, mwanangu."