Siku Niliyowaitikia Wakwe Masikio Yakiwa Yameziba

Hii aibu sijawahi kuisimulia mbele ya wanangu, na hata nyinyi nawaambia kwa sababu mama yao ametoka kwenda sokoni Bumala, maana akiwepo huisimulia yeye, tena kwa kuongeza chumvi mpaka natamani kuingia chini ya meza: mimi, kijana mzima nimevaa suti, nilienda kwa wakwe zangu Sio Port nikakubali kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba kuna mwanamke naishi naye Malaba na kwamba simwachi.

Enzi hizo nilikuwa nashughulikia makaratasi ya malori pale mpakani Malaba, naishi na Senge, yaani dada ya marehemu baba, ndiye alinilea tangu wazazi wangu walipofariki. Vumbi la yale malori lilikuwa linaniwasha masikio sana, na dawa yangu ilikuwa kijiti cha kiberiti nimekizungushia pamba (msinicheke, najua na nyinyi mnafanya). Siku moja kabla ya safari ya ukweni nikachokoa sikio la kulia, kijiti kikatoka, pamba ikabaki. Nikaivuta kwa kijiti kingine, ikazama zaidi. Nikamwaga mafuta ya kupikia yaliyopashwa moto kidogo, nikalala kwa ubavu nikingoja yafanye miujiza. Asubuhi sikio la kulia lilikuwa kimya kama ukuta, na la kushoto, ambalo nilikuwa nimelisukumia nta ndani kwa wiki nzima ya kuchokoa, na tena nina mafua, lilikuwa linasikia kama mtu aliyejifunika blanketi.

Hapo ningemwambia Senge, mambo yangeisha. Lakini niliona haya, nikajiambia kwani wakwe watauliza nini, nitatikisa kichwa tu.

Tulipofika, Senge akaenda jikoni kusalimia kina mama, mimi nikabaki sebuleni na baba yake Nabwire, mchumba wangu, na wajomba zake. Mzee alikuwa muuza omena, wale dagaa wa ziwani, mtu wa heshima na sauti ya chini sana, na masharubu yake yalifunika mdomo hata nisingeweza kubahatisha kwa macho. Akaniangalia, midomo ikacheza chini ya masharubu, nami nikajua lazima anauliza kama tumesafiri salama.

“Ndiyo, baba,” nikasema. “Tena tunamshukuru Mungu.”

Wajomba wakaangaliana. Nabwire alikuwa anapita na sahani ya samaki, akasimama. Mzee akauliza tena, na mimi kwa vile macho yangu yalikuwa kwa samaki nikaona bila shaka ananiuliza kama sisi tunaoishi Malaba tunakula vitu vya ziwani.

“Hiyo mimi siachi, baba. Nimezoea tangu nikiwa mdogo.”

Nabwire akaweka sahani chini, akatoka. Nikadhani amesahau chumvi.

Kumbe swali la kwanza lilikuwa kwamba wamesikia Malaba kuna mwanamke naishi naye nyumba moja, je, ni kweli. Na la pili, baada ya mimi kumshukuru Mungu, lilikuwa nitamwacha lini.

Senge akaja kutoka jikoni mbio, uso umebadilika, akainama kwangu. Nami nikamnong'oneza, au nilidhani nanong'ona, kwa sababu mtu aliyeziba masikio hajui sauti yake imefika wapi, na mama mkwe huniambia mpaka leo kwamba hata waliokuwa wanaanika omena nje walinisikia: “Senge, kwani huyu mzee anasema nini? Anaongea kama amejaza ugali moto mdomoni.”

Hapo mjomba mmoja akasimama akachukua kofia yake. Mama mkwe ndiye alituokoa. Alipita nyuma ya kiti changu akagonga vifuniko viwili vya sufuria, watu wote wakashtuka, mimi nikaendelea kutabasamu. Akamwambia mumewe, “Huyu mtoto hasikii.” Alijua, kwa sababu kitinda mimba wake alikuwa ametokwa na usaha sikioni kwa muda mrefu bila wao kuelewa, na shuleni alikuwa anaitikia kila kitu hivyo hivyo mpaka mwalimu akasema ni mjinga.

Senge akauliza ni mwanamke gani wanasema. Wakamweleza. Akakaa chini polepole.

“Huyo mwanamke ni mimi,” akasema.

Basi nikapelekwa kituo cha afya na ukoo mzima, mimi mbele kama mwizi. Daktari, dada mmoja mpole, aliangalia kwa tochi, akaivuta pamba kwa kikoleo chembamba, akanitoa na nta, akaniambia sikio hujisafisha lenyewe na kijiti husukuma uchafu ndani, siku nyingine ningetoboa ngoma ya sikio. Maneno yake yaliingia yakiwa makali, nikasikia na kuku nje, na viatu vya watu, halafu nikamsikia mzee kwa mara ya kwanza. Sauti yake ilikuwa nzuri, jamani.

“Sasa nikuulize upya?” akasema, na masharubu yakaanza kutetemeka, akacheka mpaka akashika ukuta. Nabwire hakucheka. Alinisamehe baadaye, kwa awamu.

Mzee alipozeeka masikio yake nayo yalichoka, na kwenye mikutano ya ukoo hakutaka mtu mwingine akae upande wake wa kushoto isipokuwa mimi, nimwambie upya taratibu yale watu wanasema. Mahali hajaelewa alikuwa ananifinya mkono badala ya kuitikia. Alisema mimi na yeye tunajua hatari ya kuitikia.

Tumemzika. Kijiti nimeapa sitagusa tena, na mtoto wangu akishika sikio tu akilia namkimbiza hospitali, simwagi mafuta. Na mtu akisema kitu nisikisikie, hata awe nani, namwambia wazi sijasikia, rudia. Ni mzee tu ndiye siwezi tena kumwomba arudie.