Gogo Kwenye Kona ya Mlima

Firmin Bisimwa alikuwa amemsimulia Hénock kila kitu kuhusu miaka yake tisa ya udereva, isipokuwa siku ya mwisho.

Alimsimulia mteremko wa Ngomo, kati ya Uvira na Bukavu, ambako ukichungulia korongoni unaona malori yaliyoanguka mwaka jana yamelalia yale ya mwaka juzi. Alimsimulia gari la shirika la afya alilolivusha kwenye tope lililofika mlangoni. Yote yalikuwa kweli. Hénock, naye mtu wa Uvira, alisikiliza akitikisa kichwa, kisha akatamka maneno ambayo Firmin alikuwa ameyangoja kwa miaka minne ya kusimama mlangoni pa jengo la ofisi huko Braamfontein, Johannesburg, akiwa na sare ya ulinzi na daftari la wageni.

"Jumamosi unaendesha wewe, mimi nakaa pembeni. Ukiwapandisha watu na kuwashusha wazima, kazi ni yako. Hiyo sare utawaachia wenzako."

Ilikuwa Novemba 2017, mvua zimeanza. Hénock alikuwa na gari moja kuukuu la kupanda milima, lililo wazi nyuma, na biashara ya kuwapeleka watu safu ya milima ya Magaliesberg kwa matembezi ya siku moja. Ni mwendo wa saa moja na nusu kutoka mjini. Kwenye tangazo lake alibandika picha alizoziokota mtandaoni, za watalii wa visiwa vya Karibea ndani ya magari ya namna hiyo, wamechafuka tope hadi kwenye kope na meno yote nje. Chini yake aliandika: Kwa nini uende hadi Jamaika?

Tangazo hilo lilimnasa Joséline, msusi Mrundi wa mtaa wa Bertrams, aliyekuwa anatimiza miaka arobaini na hakutaka keki. Mteja wa pili alikuwa Mwadini, mhadhiri wa hisabati kutoka Unguja. Alipita mbele ya Firmin kila asubuhi Braamfontein na hakuwahi kumpita bila salamu. Aliposikia kwamba mlinzi huyo Jumamosi atakuwa dereva, alilipia kiti siku hiyohiyo.

Siku ambayo Firmin hakuisimulia ilikuwa ya mwaka 2012. Madereva wote wa Kivu wanaijua sheria ya kizuizi. Ukikuta mti umelazwa njiani na watu wenye silaha, usirudi nyuma. Simama, toa gia, zima injini, nyoosha mikono nje ya dirisha, uwaache waone kwamba hukimbii. Firmin aliijua sheria hiyo kuliko wengi, maana yeye ndiye aliyewafundisha madereva wapya. Lakini siku hiyo, kwenye kona ya Ngomo, alipouona mti na wanaume watatu, mkono wake wenyewe ulitia gia ya kurudi nyuma. Walipiga risasi nne. Moja ilipita kwenye kioo na kumkuta Emérite, muuguzi aliyekaa kiti cha mbele akimenya chungwa. Hakufika zahanati yoyote akiwa hai.

Tangu hapo Firmin alikuwa ameendesha mara chache tu, kwenye barabara tambarare za Johannesburg, akiwahamisha jirani zake na vitanda vyao. Mlima hakuupanda tena.

Walitoka Bertrams saa kumi na mbili asubuhi. Mjini mambo yalikwenda vizuri. Robot, zile taa za njia panda, zilikuwa za kijani, barabara tupu, na Joséline nyuma, aliyemwita Firmin tonton, yaani mjomba, hakunyamaza.

"Tonton Firmin, mbona unaendesha kama umebeba mayai?"

"Nimebeba watu, dada."

"Watu wa miaka arobaini hatuvunjiki upesi. Kanyaga!"

"Mwache bwana," Mwadini alisema. "Mimi mayai yangu yangali mabichi, nina watoto wawili wadogo."

Firmin alicheka pamoja nao. Kisha safu ya Magaliesberg ikajitokeza mbele, ya kijivu, ndefu kama ukuta, na kicheko kikamkaukia mdomoni.

Kwenye lango la shamba ambapo njia ya mlimani inaanzia, alishuka kupunguza upepo wa matairi ili yashike vizuri kwenye mawe. Vidole vyake havikuweza kukifungua kifuniko kidogo cha tairi la kwanza. Alikishika, kikateleza, akakishika tena. Mwadini alikuwa amesimama karibu.

"Unasikia baridi?"

"Kidogo," Firmin alisema. Jua lilikuwa linachoma shingo zao.

Walianza kupanda. Njia ilikuwa upana wa gari na hatua mbili. Kushoto ulikuwa ukingo wa udongo mwekundu uliokatwa mlimani. Kulia, upande wa usukani, hakukuwa na kitu ila vilele vya miti iliyoota chini sana. Firmin alitia gia ndogo za nguvu, akaliacha gari litambae. Mikono yake iliikumbuka kazi: ilijua wapi pa kupunguza mafuta na wapi pa kuliacha tairi litafute jiwe lenyewe. Ni kifua kilichokataa. Kila kona ilipokaribia, pumzi ilimkatika, na haikurudi mpaka alipoona kwamba upande wa pili njia iko wazi.

Alihesabu kona. Tano. Sita. Hénock, pembeni yake, alianza kujiegemeza kama mtu aliyeridhika.

"Unaona?" alisema. "Dereva wa Ngomo hafundishwi."

Kwenye kona ya tisa kulikuwa na mti.

Ulilala kutoka ukingoni hadi kwenye korongo, mnene, majani yake bado mabichi. Nyuma yake walisimama wanaume watatu. Wawili walikuwa na mapanga. Wa tatu alinyanyua mkono.

Firmin hakufikiri. Baadaye alisema kwamba alikumbuka jambo moja tu: safari hii sitarudi nyuma. Alisimamisha gari kwenye mpando, akavuta breki ya mkono, akatoa gia, akazima injini. Kimya kilichofuata kilimjaza masikio.

"Simu chini," alisema. "Mikono juu, wote. Msimtazame mtu usoni. Nitaongea mimi."

"Tonton, mchezo gani huu?" Joséline alianza.

"Mikono, dada!"

Joséline akainua mikono. Mwadini akainua, huku midomo yake ikitembea kwa dua. Na Hénock, aliyepita njia hiyo kila wiki kwa mwaka mzima, Hénock mwenye gari, alikuwa ameinua ya kwake kabla ya wote, viganja vikigusa kioo cha mbele.

Firmin alifungua mlango taratibu. Akaweka mguu mmoja chini, kwenye zile hatua mbili za ardhi kati ya gari na korongo, mikono yote miwili hewani. Yule mwanamume wa tatu, mzee mwenye ovaroli ya rangi ya chungwa, alimwangalia kwa mshangao. Kisha macho yake yakahama kutoka uso wa Firmin yakaenda kwenye tairi la mbele, na akapiga ukelele.

Breki ya mkono ilikuwa imeachia.

Gari lilianza kurudi nyuma, kwanza polepole kama linalofikiri, kisha si polepole. Mlango ulimpiga Firmin mgongoni. Alijitupa ndani, akakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Matairi yakakaza, lakini tope halikukaza. Gari zima likateleza, na sehemu ya nyuma, alikokuwa Joséline akipiga kelele za jina la Mungu kwa lugha tatu, ikaanza kuelekea kwenye vilele vya miti.

Injini ikiwa imezimika, usukani ni mzito kama wa lori. Firmin aliukumbatia, akauvuta kushoto kwa mabega, akausikia unakataa, akauvuta tena. Kitako cha gari kikageuka kuelekea mlimani. Kikagonga ukingo kwa kishindo, taa ikapasuka, udongo ukawamwagikia abiria wa nyuma. Gari likasimama.

Mzee wa ovaroli alikuwa amekwisha kuruka gogo. Alikuja mbio na kipande cha mti kifuani, akakisukuma nyuma ya tairi, akakipiga teke kiingie. Ndipo akauliza kwa Kizulu kuna nini. Joséline ndiye aliyemjibu. Kizulu alijifunzia saluni, kichwa kwa kichwa.

Wale walikuwa vibarua wa mwenye shamba. Waliajiriwa kukata miti ya kigeni inayomaliza maji ya mlima. Mti huo ulikuwa umeangukia upande wasioutaka. Mkono alioinua mzee ulikuwa wa kusema: ngojeni kidogo.

Mzee alichungulia ndani ya gari.

"Wewe nakufahamu," alimwambia Hénock, na Joséline akatafsiri bila kuombwa. "Wewe unapita hapa kila wiki na unanipigia honi. Leo mbona umenisalimia kwa mikono miwili?"

Hénock alikuwa bado hajaishusha. Aliitazama kama ya mtu mwingine, akaishusha.

Firmin aliketi juu ya jiwe, akatapika chai ya asubuhi. Hakuna aliyemcheka. Kisha aliwaeleza: kona, mti, gia ya kurudi nyuma, chungwa. Alieleza kwa maneno machache, akiangalia viatu vyake.

"Aliyeumwa na nyoka..." Mwadini alianza.

"Prof, acha methali," Joséline alisema. Alikuwa anajipangusa udongo shingoni. "Huyu mtu ametapika. Mpe maji."

Gogo lilikuwa nene. Msumeno wao, mzee alisema, umenasa chini ya shina, na kuunasua na kumaliza kazi ni saa mbili au tatu. Mawingu yalikuwa yanajikusanya juu ya kilele. Mvua ikinyesha, njia ile haishukiki. Pa kugeuzia palikuwa hatua mia moja nyuma. Kulikuwa na namna moja tu ya kufika pale.

"Nitalirudisha mimi," Hénock alisema.

Aliingia, akawasha. Firmin alimtazama kutoka kwenye jiwe. Alimwona Hénock akirekebisha kioo cha pembeni, akikirekebisha tena, na bega lake likirukaruka. Alimwona akitafuta njia kioo kwa kioo bila kugeuza kichwa, kama mtu asiyetaka kuona nyuma kuna nini. Firmin alijua anachokiona. Alisimama, akaenda hadi dirishani.

"Shuka, kaka."

"Utaweza?"

"Sijui. Lakini wewe huwezi."

Hénock alishuka bila ubishi. Mwadini alitaka kuketi mbele ili asiwe peke yake, Firmin akakataa kwa ukali ambao baadaye aliuombea radhi. Kiti kile kisikaliwe na mtu. Wote watatu wabaki juu, kwenye gogo. Mzee peke yake ateremke naye, upande wa mlima, akiwa na kile kipande cha mti mikononi.

Firmin alitia gia ya kurudi nyuma. Ilipoingia alisikia mlio ule, kwa sauti ileile, na kwa muda akashindwa kuachia klachi. Alingoja risasi. Alijua hakuna risasi, na aliingoja. Jasho lilimwingia machoni. Mzee akapiga bodi kwa kiganja, mara mbili, kama anayemwamsha ng'ombe, na gari likaanza kwenda.

Hatua mia moja zilichukua robo saa. Kila alipogeuza kichwa kutazama nyuma, jicho lake lilipita juu ya kiti cha pembeni. Mara mbili tairi la kulia lilikata kingo za njia na mawe yakaporomoka. Alisikiliza yanavyoanguka na hakuyasikia yakifika. Mara mbili mzee aliweka kipande chake, Firmin akapumua, mzee akakiondoa. Walipofika mahali papana, alizungusha gari, akazima injini likiwa kwenye gia, na akabaki amekaa. Vidole havikutaka kuachia usukani. Mzee aliufungua mlango akavibandua kimoja kimoja, akisema jambo kwa Kizulu ambalo hakukuwepo mtu wa kulitafsiri.

Wenzake walimfuata kwa miguu, wakapanda, wakateremka wote. Mvua iliwakuta langoni. Abiria wakajibanza chini ya kibanda cha mlinzi wa shamba, na Firmin na Hénock wakabaki kando ya gari, wakijaza matairi upepo.

"Ungeniambia," Hénock alisema.

"Ungenipa kazi?"

"Hapana."

"Na wewe breki ya mkono ulijua ni mbovu?"

Pampu iliendelea kulalamika. Hénock alifuta maji usoni.

"Huwa naliacha kwenye gia," alisema. "Sikudhani mtu atatoa gia mlimani."

"Ungeniambia."

"Kweli." Alihamisha mpira wa pampu kwenye tairi lingine. "Jumatatu nalipeleka kwa fundi. Breki, taa, vyote. Jumamosi ijayo nina wageni sita, Firmin. Mimi leo nimejiona. Pale juu nisingeweza kulirudisha gari." Alilibonyeza tairi kwa kidole gumba. "Utakuja?"

Firmin aliutazama mlima. Mvua ilikuwa imeufunika nusu, na ile njia nyekundu haikuonekana. Akakirudisha kifuniko kidogo cha tairi la kwanza mahali pake; kilimteleza mara mbili, kama asubuhi.

"Nitakuja," alisema.

"Nini?" Hénock alipaza sauti, pampu ilikuwa inapiga kelele.

Firmin aliinama karibu na sikio lake, akasema tena.