Mvua za Rumangabo

Wiki iliyopita, katika ofisi moja hapa Goma, binti mmoja alituonyesha kwenye kompyuta mchoro wa mvua za Rumangabo, alioutengeneza kwa programu aliyoiandika mwenyewe. Katikati, mstari ulishuka hadi sifuri.

"Kumbe Rumangabo ilikuwa jangwa!" chefu wake, mkuu wa ofisi, alitania, nasi wageni tukacheka.

"Hapana jangwa, chefu," binti alijibu polepole. "Ni vita. Kompyuta imejaza sifuri kwa sababu hakuna mutu alipima. Papa yangu njo alikuwa anapima. Tulikimbia wote, yeye akarudi kwenye kipimo chake cha mvua. Hatukumuona tena."

Chefu alivua miwani. "Unisamehe, mama." Mimi nilitazama viatu vyangu. Binti alizifuta zile sifuri, akaacha pengo jeupe.

Tangu hapo, nikiambiwa mahali fulani hakukutokea kitu, nauliza kwanza aliyekuwa akipima yuko wapi.