Mistari Miwili

Juzi mjukuu wangu alinisomea gazeti. Huko Marekani, alisema, uchaguzi umewagawa watu mpaka ndugu wa tumbo moja hawasalimiani, huyu chama hiki, yule chama kile. Akacheka. Mimi pua ilinijaa harufu ya vumbi la utotoni, na ya samli waliyokuwa wakijipaka wanaume wetu.

Alasiri moja, nilipokuwa mtoto mdogo, akida wa Wajerumani alikuja kijijini kwetu, upande wa Zuzu, akatuambia tujichagulie jumbe, mkuu wa kijiji. Waliotaka cheo hicho walikuwa wawili, na kila mwanamume aliamriwa asimame nyuma ya mtu wake. Baba alisimama huku, mjomba kule. Tangu habari za uchaguzi huo zitufikie, majuma kadhaa nyuma, walikuwa wameshaacha hata kuchungiana ng'ombe.

Nilidhani ni ngoma, maana sisi Wagogo hucheza kwa mistari. Nikapiga makofi, nikingoja njuga zilie. Askari wa akida wakatoa minyororo, wakafunga mistari yote miwili, wakaipeleka kujenga reli. Sasa najua kwamba jumbe alikuwa ameshateuliwa. Akida alitaka tu wanaume wajipange wenyewe.

"Haya mmeyaleta nyinyi, shemeji!" baba alifoka.

"Nyinyi ndio mlioyataka!" mjomba akajibu.

Waliondoka wakibishana mpaka sauti zao zikapotea.

Baba hakurudi. Mjomba alirudi amekonda, akasimama mlangoni akaomba maji. Mama, dada yake wa tumbo moja, alimtazama.

"Kaombe kwa wenzako wa mstari wako," akasema, akafunga mlango.